Jaribio na Mujarabu: Istilahi za Uchunguzi wa Miti-Dawa ya Vidonda vya Tumbo

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia mara kwa mara wafasiri, walimu wa sayansi na maofisa wa afya ni yale yahusuyo uchunguzi wa miti-dawa. Huwa ni taarifa za watafiti, fomu za kutiwa sahihi na wagonjwa, matangazo ya kubandikwa zahanati, au maelezo yaandikwayo juu ya chupa za dawa. Maandishi hayo aghalabu hutungwa kwa lugha ya kigeni, kisha hutakiwa yageuzwe kuwa Kiswahili kwa haraka. Mfasiri hupata taabu si kwa sababu Kiswahili hakina maneno, bali kwa sababu maneno yaliyopo yamekwisha kuzoea kazi nyingine.

Katika makala haya tunakusudia kuyachambua baadhi ya maneno hayo, na kupendekeza jinsi ya kuyatenga. Tumechagua maradhi ya vidonda vya tumbo kuwa kielelezo kwa sababu tatu. Kwanza, ni maradhi yanayowasumbua watu wengi, na dawa zake za miti huuzwa masokoni na mikononi mwa wachuuzi. Pili, maumivu yake huja na kuondoka yenyewe, hata mgonjwa akadhani amepona ilhali hajapona. Tatu, historia ya uchunguzi wa dawa zake inajulikana vema, hivyo twaweza kuonyesha kwa mifano ya kweli jinsi neno moja linavyoweza kupotosha. Kwa upande wa mahali, tutaitazama Pongwe, katika Tanga, kwa kuwa mchanganyiko wa watu na lugha ulioko hapo unalidhihirisha tatizo letu waziwazi.

Shina moja, matunda mawili

Tuanze na neno ambalo ndilo kiini cha hoja yetu. Maneno jaribu, jaribio na mujarabu yametoka katika shina moja la Kiarabu. Lakini katika Kiswahili yamekwenda njia mbalimbali. Jaribio ni tendo ambalo mwisho wake haujulikani: mtu hujaribu, akafaulu au akashindwa. Mujarabu ni sifa ya kitu kilichokwisha kufaulu. Tukisema dawa fulani ni mujarabu, twamaanisha kwamba haina shaka, imewaponya watu na itamponya huyu pia.

Kwa sababu ya udugu huo, msikilizaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba dawa "imejaribiwa", huelekea kusikia kwamba dawa "ni mujarabu". Mtafiti amesema kwamba dawa ilitiwa katika mtihani. Msikilizaji amesikia kwamba dawa ilifuzu mtihani. Kati ya kauli hizo mbili pana safari ndefu, na mara nyingi safari hiyo haifiki mwisho. Dawa nyingi zilizojaribiwa hazikuthibitishwa, na nyingine zilizojaribiwa zilionekana hazifai kitu.

Hatuna budi, basi, kukubaliana kwamba kauli "dawa imejaribiwa" ikiachwa peke yake ni kauli pungufu. Mfasiri mwangalifu ataikamilisha kwa kujibu maswali matatu: imejaribiwa juu ya nini, kwa kusudi gani, na matokeo yake yalikuwaje.

Tumbo na kidonda

Jina la maradhi yenyewe lataka kutazamwa. Neno tumbo katika Kiswahili hutaja sehemu yote ya mbele ya mwili iliyo chini ya kifua. Ndani ya tumbo mna mfuko wa chakula, matumbo, ini, nyongo na viungo vinginevyo. Mgonjwa asemaye "tumbo lanichoma" hajatuambia bado ni kiungo gani kinachomchoma. Huenda ana kiungulia, huenda ana minyoo, huenda ana mawe katika nyongo, na huenda kweli ana kidonda. Wengine hutumia jina "vidonda vya tumbo" kwa maumivu yoyote yatokeayo chini ya chembe cha moyo, hasa mtu akiwa na njaa au akila pilipili.

Daktari naye hulitumia jina hilo kwa maana finyu. Kwake, kidonda cha tumbo ni tundu au mchubuko wenye kina uliotokea katika ngozi laini ya ndani ya mfuko wa chakula, au ya duodeni, ambayo ni sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Ngozi hiyo hulindwa na ute usiiruhusu asidi ya tumboni kuila. Ulinzi ukipungua, asidi huila nyama ya mwili wenyewe, na kidonda hutokea.

Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba sababu kubwa ni wasiwasi na vyakula vikali. Mwaka 1982, katika mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuotesha bakteria aishiye katika mfuko wa chakula, ambaye leo anaitwa Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yenye bakteria hao ili kuonyesha kwamba huleta maradhi ya mfuko wa chakula, naye akaugua. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo yajulikana kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria huyo, au na matumizi ya dawa za kutuliza maumivu kama vile aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Watu wengi duniani wana bakteria huyo bila kuwa na kidonda. Lakini mwenye kidonda kilicholetwa naye hutibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na kwa kawaida hupona kabisa.

Twaona basi kwamba jina "dawa ya vidonda vya tumbo" laweza kumaanisha mambo manne: dawa inayomwua bakteria, dawa inayopunguza asidi, dawa inayouimarisha ute, au dawa inayotuliza maumivu tu. Mtafiti atakuwa amechunguza moja kati ya hayo. Mfasiri akiandika tu kwamba mti fulani "ni dawa ya vidonda vya tumbo", amemhesabia mtafiti mambo matatu asiyoyasema. Pale maandishi ya asili yanapotaja kiungo, tunapendekeza iandikwe "kidonda cha mfuko wa chakula" au "kidonda cha duodeni". Jina la jumla "vidonda vya tumbo" libaki kwa matangazo ya watu wote, nalo lifafanuliwe mara litajwapo.

Mti mmoja, majina mengi

Pongwe iko kando ya barabara itokayo mjini Tanga kwenda Muheza na Segera. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, hupita sehemu hizo. Mashamba ya mkonge, machimbo ya chokaa na kiwanda cha saruji viliwavuta watu kutoka pande nyingi. Hivyo Wabondei, Wadigo, Wasambaa, Wazigua na watu wa mikoa ya mbali walikutana hapo, kila mmoja na ujuzi wake wa miti na majina yake. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Lakini katika majina ya mimea kuungana huko hakukukamilika. Watu wawili waweza kulitumia jina moja kwa mimea miwili, au kuutaja mmea mmoja kwa majina mawili, na wote wakawa wanasema Kiswahili safi.

Mfano ulio wazi ni mbono. Kwa wengine, mbono ni ule mmea ambao wengine huuita mbarika au mnyonyo, yaani Ricinus communis. Kwa wengine, ukitaja mbono bila kuongeza neno, huelewa mbono kaburi, yaani Jatropha curcas, unaopandwa kuwa ua. Mbegu za mimea yote miwili zina sumu, lakini sumu zenyewe ni mbalimbali. Mgonjwa aliyeandikiwa "mbegu za mbono" amewekwa katika hatari na mwandishi, wala si na mganga.

Kazi ya kuoanisha majina haya ina asili yake katika mkoa huuhuu wa Tanga. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na mimea mingi iliyokaushwa ikakusanywa hapo. Mkusanyo huo ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1937 P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa Amani, alitoa kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea, ambayo chapa yake ya pili ilitoka mwaka 1940. Mwaka 1976 J. O. Kokwaro alitoa huko Nairobi kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki. Vitabu vya namna hiyo humpa mfasiri kitu ambacho jina la kienyeji peke yake haliwezi kumpa, nacho ni kiungo kati ya jina la kijijini na jina la kisayansi.

Kanuni tunayopendekeza ni nyepesi. Katika taarifa yoyote ya uchunguzi, mmea utajwe kwanza kwa jina lake la Kiswahili, kisha kwa jina la kisayansi, kisha kwa jina la lugha ya mahali ulipochumwa, na lugha hiyo itajwe. Jina la kisayansi lisitafsiriwe wala lisibadilishwe tahajia. Aidha, mfasiri asimwachie msomaji kudhani kwamba jina la jumla ni la aina moja tu ya mmea. Kwa mfano, mshubiri si mmea mmoja: katika Tanzania pekee mna aina nyingi za mishubiri, na iliyochunguzwa sana duniani ni ile ipandwayo mashambani, ambayo huenda si ile ya porini iliyoko mbele ya mgonjwa.

Sehemu, matayarisho na kipimo

Hata jina likiwa sahihi, bado hatujasema dawa ni nini. Mshubiri huohuo una vitu viwili ndani ya jani lake: utomvu wa njano ulio karibu na ganda, ambao ni mchungu na huharisha sana, na ute mweupe wa katikati, usiokuwa na nguvu hiyo. Taarifa inayohusu ute ikitafsiriwa "maji ya mshubiri", msomaji aweza kunywa utomvu. Kwa hiyo sehemu ya mmea haina budi kutajwa: mzizi, gome, jani, ua, tunda, mbegu, utomvu au ute.

Namna ya kutengeneza nayo ina maneno yake, na Kiswahili kimejaliwa katika jambo hili. Kuloweka, kuchemsha, kutokosa, kuponda, kutwanga, kukamua na kuchuja ni vitendo tofauti, na kila kimoja hutoa dawa tofauti. Mganga wa Pongwe atachemsha gome kwa maji. Mtafiti katika maabara mara nyingi huloweka unga wa gome katika alkoholi, kisha huivukiza alkoholi hadi ibaki dawa nzito iliyochujwa. Vitu vinavyotoka kwa alkoholi si lazima vitoke kwa maji. Mfasiri akiandika kwamba "gome lilifanya kazi", amezifanya dawa mbili kuwa moja.

Hapo tunafikia neno kipimo, linalobeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Hospitali husema "kipimo cha damu" kwa maana ya uchunguzi. Muuza dawa husema "kipimo cha dawa" kwa maana ya kiasi. Na mwalimu husema kijiko ni "kipimo" kwa maana ya chombo. Sentensi "dawa ilipewa kipimo" yaweza kufahamika kwa njia tatu. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya utafiti, kiasi kinachopewa mgonjwa kiitwe "dozi", neno lililokwisha kuzoeleka hospitalini. Kitendo cha kuchunguza damu, choo au pumzi kiitwe "uchunguzi". Na kipimo kibaki kuwa jina la kitu cha kupimia au ukubwa uliopimwa.

Umuhimu wa dozi waonekana katika uchunguzi wa mwarobaini, Azadirachta indica, mti ambao watu wa Tanga wanaujua vema. Mwaka 2004 watafiti wa India walitoa taarifa kwamba dawa ya gome la mwarobaini iliyotolewa kwa maji na kukaushwa, kwa dozi ya miligramu 30 mara mbili kwa siku kwa siku 10, ilipunguza asidi ya tumboni kwa asilimia 77 kwa wagonjwa waliopewa. Na wale walioendelea nayo kwa wiki 10 walionekana vidonda vyao vya duodeni vimekaribia kupona kabisa. Ni habari ya kutia moyo. Lakini ilihusu gome, wala si majani; ilihusu unga uliopimwa kwa miligramu, wala si bilauri; tena ilihusu wagonjwa wachache. Mafuta ya mbegu za mti huohuo yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Kichwa cha habari kisemacho "Mwarobaini waponya vidonda vya tumbo" kimeyafuta yote hayo kwa maneno matano.

Ngazi za jaribio na vitenzi vyake

Uchunguzi wa dawa hupanda ngazi, na kila ngazi ina vitenzi vyake. Ngazi ya kwanza ni maabara: bakteria huoteshwa katika visahani, kisha dawa hutiwa ili kuona kama watakufa. Hapo vitenzi vinavyofaa ni "kuua" na "kuzuia kukua", na mtendewa ni bakteria. Kitenzi "kutibu" hakina mahali katika ngazi hii, kwa kuwa hakuna mgonjwa katika kisahani.

Kisa cha mastiki chatufundisha. Mastiki ni utomvu wa mti wa kisiwa cha Chios, Ugiriki, uliotumiwa tangu zamani kwa maradhi ya tumbo. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walitoa taarifa kwamba mastiki huwaua Helicobacter pylori katika maabara. Habari hiyo ilienea duniani, na mastiki ikauzwa kuwa dawa ya vidonda. Mwaka 2003 watafiti, pia wa Uingereza, waliwapa wagonjwa 8 gramu 1 ya mastiki mara nne kwa siku kwa siku 14. Wote 8 walikuwa na bakteria kama mwanzo. Taarifa ya kwanza haikuwa ya uwongo. Iliyopotosha ni lugha ya walioipokea, walioigeuza "huua katika maabara" kuwa "hutibu".

Ngazi ya pili ni wanyama, hasa panya. Njia itumiwayo sana ni kumpa panya alkoholi kali au aspirini ili tumbo lake lichubuke, kisha kulipasua na kuvihesabu vidonda. Mara nyingi dawa inayochunguzwa hutolewa kabla ya kile kinachochubua. Panya aliyepewa dawa akiwa na vidonda vichache, kitenzi sahihi ni "kukinga": dawa ilimkinga panya. Haikuponya kitu, maana wakati ilipotolewa hapakuwa na kidonda cha kuponya. Kosa la kufasiri "ilikinga" kuwa "iliponya" ni la kawaida sana, nalo hutokana na dhana kwamba dawa zote zina kazi moja. Mgonjwa wa Pongwe anayo maradhi tayari. Habari ya kukinga haimhusu kwa namna anayoisoma.

Kuna taarifa zinazotaja yote mawili, na hapo mfasiri hana budi kuyataja yote. Mwaka 1984 Best, Lewis na Nasser walieleza kwamba unga wa ndizi mbichi za kupika uliwakinga panya na vidonda vya aspirini, na tena uliviponya vidonda vilivyokwisha kutokea. Hii ni kauli nzito kuliko ile ya kukinga peke yake. Hata hivyo ni kauli kuhusu panya, na neno "panya" lisidondoke njiani.

Jaribio kwa watu

Ngazi ya juu ni jaribio kwa wagonjwa wenyewe. Hapa lugha huhitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu msomaji wa maandishi ni yule atakayeimeza dawa.

Wagonjwa hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa dawa inayochunguzwa. Jingine, tuliite "kundi la kulinganishia", hupewa dawa ya kawaida au kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani yake. Kitu hicho wengi wamekiita "dawa bandia". Jina hilo halifai hata kidogo. Dawa bandia katika sheria na katika magazeti ni dawa ya kughushi, iliyotengenezwa na walaghai. Mgonjwa akisoma katika fomu kwamba huenda atapewa dawa bandia, ana haki ya kukasirika na kuondoka. Tunapendekeza "kidonge kitupu", na kwa dawa ya maji, "maji yasiyo na dawa". Ni maneno ya wazi, nayo hayamtukani mtu.

Fomu yenyewe huitwa na wengine "fomu ya idhini". Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: ofisa, mwajiri au mzazi. Mgonjwa hatoi idhini juu ya kazi ya mtafiti. Yeye hutoa ridhaa juu ya mwili wake, na aweza kuiondoa siku yoyote. Kwa hiyo iwe "fomu ya ridhaa". Idhini ibaki kwa kamati za maadili na serikali.

Jaribio moja la kale lastahili kutajwa, kwa kuwa linahusu mmea ambao wafanya biashara wa pwani wameujua siku nyingi, yaani urukususu. Mwaka 1946 Revers, daktari wa Uholanzi, alieleza kwamba wagonjwa waliotumia dawa ya urukususu walipata nafuu ya vidonda, lakini baadhi yao walivimba miili. Kutokana na mzizi huo ilitengenezwa dawa iitwayo kabenoksoloni. Mwaka 1962 Richard Doll na wenzake wa Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio la kulinganisha: vidonda vya mfuko wa chakula vya waliopewa dawa hiyo vilipungua ukubwa kwa haraka zaidi kuliko vya wengine. Dawa ilitumika kwa miaka mingi, ingawa iliweza kupandisha shinikizo la damu, mpaka zilipopatikana dawa bora zaidi. Huu ni mti uliopanda ngazi zote, na kila ngazi yafaa kuelezwa kwa kitenzi chake: mwaka 1946 wagonjwa "walipata nafuu", mwaka 1962 vidonda "vilipungua" vilipolinganishwa. Kauli ya pili haikuwezekana kabla ya jaribio.

Tofauti hii kati ya kupata nafuu na kupona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kitenzi "kupona" lazima kiulizwe: nani au nini kimepona? Maumivu yaweza kutulia na kidonda kikabaki. Kidonda chaweza kufunga na bakteria akabaki, kisha kidonda kikarudi. Na maumivu ya kidonda, kama tulivyosema, huja na kuondoka hata bila dawa yoyote. Mtu anayetulizwa maumivu akaambiwa kuwa amepona aweza kukaa nyumbani huku kidonda kikivuja damu, mpaka choo chake kiwe cheusi kama lami, au kidonda kitoboe ukuta wa tumbo. Aidha saratani ya mfuko wa chakula huweza kuanza kwa dalili zizo hizo. Ndiyo maana tunasema kwamba kati ya "kutuliza" na "kuponya" mfasiri hachagui pambo la lugha, bali anachagua kama mtu atakwenda hospitali au hatakwenda.

Salama na yenye kufaa

Jozi ya mwisho ni "salama" na "yenye kufaa". Dawa yaweza kuwa salama na isifae, kama maji ya kunywa. Yaweza kufaa na isiwe salama. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021. Katika mazungumzo ya wakati ule, swali kama dawa ina madhara na swali kama dawa inaponya yalichanganywa mno, na wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali. Mfa maji haachi kutapatapa. Ni wajibu wa mwenye kalamu kutompa ukoka akiuita kamba.

Tusifahamike vibaya. Hatusemi kwamba miti haina dawa, wala kwamba waganga hawana elimu. Tanzania imekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili huko Muhimbili tangu mwaka 1974, nacho kikawa taasisi mwaka 1991. Na sheria ya mwaka 2002 iliitambua tiba asili na kuiundia baraza. Katika mkoa wa Tanga, tangu mwaka 1990, madaktari na waganga walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI kwa mitishamba. Lugha nayo imekwenda pamoja na heshima hiyo: jina "dawa za kienyeji", lililokuwa na dharau ndani yake, limeachia nafasi "dawa za asili". Lakini kuheshimu dawa ya asili ni kukubali kuiuliza maswali yaleyale yanayoulizwa dawa nyingine, na kuyaandika majibu yake bila kuyatia chumvi.

Muhtasari wa mapendekezo

Kwa faida ya wasomaji wetu tunayakusanya hapa maneno tuliyoyajadili:

1. Jaribio: tendo la kuchunguza, lisilodokeza matokeo. Kithibitishwacho baada ya majaribio kuafikiana kiitwe "kilichothibitishwa".
2. Mujarabu: lisitumiwe katika taarifa za utafiti.
3. Kidonda cha mfuko wa chakula. Kidonda cha duodeni: majina mahususi. Vidonda vya tumbo: jina la jumla.
4. Dozi: kiasi cha dawa. Uchunguzi: upimaji wa mgonjwa. Kipimo: chombo au ukubwa.
5. Kuua au kuzuia kukua: kwa bakteria katika maabara.
6. Kukinga: dawa ilitolewa kabla ya kidonda.
7. Kutuliza, kupata nafuu: maumivu yamepungua.
8. Kuponya, kupona: kitajwe kilichopona, na jinsi kilivyoonekana kuwa kimepona.
9. Kundi la kulinganishia. Kidonge kitupu, badala ya dawa bandia.
10. Ridhaa: ya mgonjwa. Idhini: ya mamlaka.
11. Salama; yenye kufaa: maswali mawili, yasijibiwe kwa neno moja.

Tuyatumie sasa mapendekezo haya katika tangazo. Tuchukulie kwamba mfasiri amepewa habari ya mti fulani ili ibandikwe katika zahanati ya Pongwe. Badala ya kuandika "Dawa hii imejaribiwa na inatibu vidonda vya tumbo", ataandika hivi: "Dawa ya gome la mti huu, iliyotengenezwa kwa alkoholi, iliwakinga panya na vidonda vya tumbo. Haijajaribiwa kwa watu. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha, au choo cheusi, aende hospitali." Tangazo limeongezeka urefu, na huenda halitampendeza muuzaji. Lakini kila neno lake ni la kweli, na Mbondei, Mdigo na Msambaa watalielewa sawasawa.

Walimu wataweza kuitumia orodha hii darasani kwa kuwataka wanafunzi wazitafute kauli za namna hiyo katika magazeti na kuzisahihisha. Maofisa nao wataweza kuitumia wanapopitia fomu na matangazo kabla hayajapigwa chapa. Baadhi ya maneno tuliyopendekeza huenda yakapata washindani walio bora. Tutafurahi yakipata, ilimradi tofauti zenyewe zihifadhiwe. Maneno yaweza kubadilika, ila mgonjwa asichanganyiwe tena jaribio na mujarabu.